Kabati la Constance

Gundi ilihitaji usiku mzima kukauka, na Marcellin aliipa nusu yake tu. Asubuhi alilegeza vibanio kimoja kimoja, akavisikiliza viungo kama vinalia. Hakuna kilicholia. Akapuliza vumbi la randa, akalilaza sanduku ubavu, akachukua patasi ndogo. Upande wa kichwani alichonga mikato mitatu midogo na mmoja wa kukingama, mara moja kwenye sanduku na mara moja kwenye kifuniko, kama baba yake alivyomfundisha. Alama ile haikuwa pambo. Ilimwonyesha fundi kichwa kiko upande gani, kusudi siku ya kufunga asigeuze kifuniko akaanza kukilazimisha mbele ya wafiwa.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Nyawera. Nje watu wa moto, waendesha pikipiki, walikuwa wakigombania abiria, na mama mmoja aliimba bei ya muhogo kwa sauti iliyokwisha kuchoka kabla jua halijatoka vizuri. Ukutani yalisimama masanduku mengine, ya mbao za eucalyptus na triplex, mbao za matabaka, yaliyopakwa vanishi nyeusi. Hayo yalikuwa ya Papa Xavier, mfanyabiashara aliyekuja na camion, lori lake, kila mwisho wa juma, akayapakia yote na kuyapeleka kwenye soko lake ambalo Marcellin hakuwahi kuliulizia. Yalikuwa na kipimo kimoja, maana Marcellin alikata kila sanduku kwa kielelezo kimoja alichoachiwa na baba yake. La leo pia alilikata hivyo hivyo. Ila mbao zake zilikuwa nyekundu, hazikupakwa kitu, na kwenye kifuniko kulikuwa na tundu la ufunguo.

Mkewe Lucie alikuwa amepiga magoti akigongomea kitambaa cheupe kwa ndani.

"Tundu hii utaiacha?" aliuliza, misumari ikiwa kati ya midomo yake.

"Nitaiacha."

"Batu batacheka."

"Bacheke."

Lucie alitoa msumari mdomoni, akaupiga. Alijua sanduku lile limetoka wapi. Hadi juzi lilikuwa kabati.

Marcellin alilitengeneza mwenyewe mwaka dada yake Constance alipoolewa na Jean-de-Dieu, mtu wa Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Alikuwa dada yake wa pekee. Siku ya kumsindikiza, godoro lilipita mpakani, masufuria yalipita, bibi harusi alipita, kabati likakwama. Watu wa douane, wale wa forodha, walilitoza kodi iliyozidi thamani ya kabati lenyewe. Likarudishwa Nyawera juu ya mgongo wa mbebaji. Constance, katika gauni lake jeupe, alicheka hadi machozi yakamtoka. Aliufunga mlango, akautia ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni.

"Unilindie kabati yangu, yaya," alimwambia kaka yake. "Siku moja mupaka itapata akili."

Kila alipokuja kuwasalimu alilifungua, akanusa vitenge vyake vya harusi, akalifunga tena. Baadaye watoto walizaliwa, kazi zikaongezeka, na safari zikapungua. Halafu ikaja homa iliyompanda kichwani, na jana alfajiri simu ya Jean-de-Dieu.

"Usinunue sanduku," Marcellin alikuwa amemwambia. "Ninaleta kabati yake."

Jean-de-Dieu alielewa.

"Sawa, shemeji. Misa iko saa nane. Nitakungoja mupaka saa sita. Ikipita pale nitatafuta ingine. Usinikasirikie."

Ufunguo ulikuwa kule kwa marehemu. Ilimbidi Marcellin auvunje mlango kwa patasi, na kovu la patasi lilibaki kando ya tundu.

Sasa Lucie alisimama, akajipangusa magoti. "Sikia, baba. Ku mayi, pale Ruzizi, kuko batu ba kuvusha bitu. Banajua njia. Banakuvusha hii bila ata neno."

"Dada yangu apite sawa magendo?"

"Apite, njo nasema. Apite tu."

"Hapana. Sasa inapita pa mulango. Maman Chantal alitueleza."

"Alisema," Lucie alijibu, akakunja kitambaa kilichobaki.

Chantal alikuwa mwanamke wa shirika lililosaidia wafanyabiashara wadogo. Alikuja kwenye ukumbi wa parokia na picha za ukutani, akawaeleza kwamba nchi imeingia katika Jumuiya, kwamba mikataba imesainiwa, kwamba mtu mdogo naye ana haki ya kuvuka na kazi ya mikono yake bila kunyanyaswa. Kulikuwa na liste ya vitu visivyolipiwa kodi. Alipotaja meubles, yaani samani, za mafundi wadogo, Marcellin alipiga makofi peke yake, watu wakageuka kumtazama. Siku ile aliwaza kabati. Alipanga kulivusha kwa Pasaka.

*

Dereva wa taxi alikataa kuliingiza ndani ya gari. Wakalifunga juu kwa kamba za mpira. Njia nzima ya kuteremkia Ruzizi watu walijifanyia ishara ya msalaba, na askari mmoja wa barabarani alivua kofia. Marcellin aliona aibu, kama mtu anayesalimiwa kwa jina lisilo lake. Sanduku lilikuwa tupu.

Kwenye kizuizi taxi ilimshusha na sanduku lake. Wabebaji walikimbilia mzigo, walipouona wakarudi nyuma. Alibaki mama mmoja mwenye kamba ya kubebea begani na alama ya kamba hiyo katikati ya paji la uso, kama mkunjo wa karatasi. Aliitwa Maombi. Alikuwa amebeba mizigo mpakani pale tangu ujana wake.

"Pole, papa. Nani amekufa?"

"Dada yangu. Iko kule Kamembe."

"Kule? Na sanduku iko huku?" Maombi alilizunguka, akaligonga kwa kidole. "Ee, papa, umeanza na mwisho. Kama ingekuwa na mutu ndani, ungeshapita. Mufu banamuogopa. Sanduku tupu, hii banaiita marchandise, bidhaa."

"Inapita. Iko kwa liste."

"Liste!" Maombi alicheka, lakini bila ubaya. Alilishika upande mmoja, Marcellin upande mwingine, wakalifikisha mbele ya dirisha la douane.

Dirishani alikaa msichana aliyeitwa Laurette. Jina lake liliandikwa kwenye beji, chini ya picha ambamo alikuwa akitabasamu.

"Hii njo nini?"

"Sanduku, dada."

"Iko na mutu?"

"Hapana. Mutu iko kule."

"Pole sana, papa." Aliisema vizuri, kama mtu aliyewahi kufiwa. Akavuta fomu. "Basi tunaandika meuble ya mbao, moja. Jina?"

"Ya marehemu? Constance."

"Yako, papa."

Akampa jina.

"Origine?"

Neno lile la kuuliza asili Marcellin alilijua tangu utoto. Shuleni mwalimu aliliuliza kila mwanzo wa mwaka. Ofisini liliandikwa kwenye karatasi yoyote iliyobeba jina la mtu. Askari wa vizuizini waliliuliza huku wakimwangalia mtu pua. Katika mji ule lilikuwa swali la watu, na aliyelijibu kwa kusitasita alijitafutia matatizo. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kulijibu haraka na kulijibu lote.

"Katana. Baba yetu ni wa Katana, mama pia. Miye na marehemu tulibatizwa kule. Ata babu zetu balizikwa kule."

Laurette aliinua macho, kama aliyepewa maneno mengi kuliko nafasi iliyokuwapo. Kwenye mstari aliandika neno moja: Katana. Akapiga muhuri.

"Enda kwa kibanda ya misitu, pale. Wakisaini, unarudi hapa, unapita. Haulipe kitu."

Haulipe kitu. Marcellin alimgeukia Maombi kumwonyesha kwamba alisema kweli. Maombi alikuwa akifunga kamba yake na hakumtazama.

*

Chantal alikuwepo. Meza yake ilikuwa chini ya mwavuli wa bluu, karibu na bango la mikono miwili inayoshikana. Alimtambua Marcellin mara moja.

"Papa menuisier! Yule seremala wa makofi!" Halafu akaona sanduku, akaweka mkono mdomoni. Alipoelezwa, macho yake yalijaa maji kweli. "Twende pamoja. Hii ni haki yako, papa. Mikataba iliandikwa kwa sababu ya mutu kama weye."

Kibandani alikaa Chef Lucien, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Ukutani kwake palining'inia kisanduku chenye kufuli, kimeandikwa MALALAMIKO. Marcellin aliona kwamba pembe zake hazikukutana.

Lucien alisoma fomu. Akasoma tena. Akatoka nje, akainama, akapitisha kidole juu ya ubao mwekundu.

"Mbao ya Katana."

"Hapana, chef. Katana njo siye."

"Hapa imeandikwa origine: Katana. Weye mwenyewe ulisema?"

"Nilisema."

"Katana iko karibu na Parc, hifadhi ya misitu. Mbao nyekundu, ya zamani, origine Katana." Lucien alijinyoosha. "Papa, unajua kukata miti mu Parc ni kosa ya kufungwa?"

"Chef, balinikamata na swali. Nilizania banauliza origine yetu. Ya batu."

"Nani anauliza origine ya batu pa douane?"

Maombi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe kando yao, aliangua kicheko. "Kila mutu, chef! Ata weye juzi uliniuliza yangu!"

"Maman, nyamaza."

Marcellin alijaribu kunyoosha mambo. Alisema mbao zilikuwa kabati. Alisema kabati alilitengeneza yeye, kwa mbao alizonunua bandarini zamani, kwa mtu ambaye sasa hayupo. Alieleza habari ya harusi, na ufunguo, na simu ya jana. Alizungumza kwa utaratibu, kwa sababu aliamini kwamba mtu akisema ukweli wote, mwisho wake lazima aeleweke.

Lucien alimsikiliza hadi mwisho. "Kumbe ni meuble iliyotumika."

"Ndiyo, chef."

"Meuble iliyotumika haiko kwa liste."

"Lakini sasa si kabati tena," alisema Chantal. "Imekuwa transformée. Papa ameongeza kazi yake. Kwa mkataba, kitu kikibadilishwa na fundi wa hapa kinapata origine ya hapa."

"Kama mbao yenyewe ni ya halali, madame. Nani anahakikisha?"

"Na haki ya familia kuzika mtu wao? Hiyo pia imesainiwa."

"Imesainiwa wapi? Nionyeshe. Hapa miye niko na mkataba wa misitu. Huo pia ni wa haki. Haki za watoto watakaokuja, si mnasema hivyo mu semina zenu?"

Wakahamia Kifaransa. Marcellin alikuwa na Kifaransa cha shule, cha kusoma barua na kuandika ankara, lakini kile kilimpita juu kama ndege. Alishika maneno hapa na pale: règle, valeur, durable, dérogation. Alimtazama Chantal akaona ana haki. Alimtazama Lucien, na jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba Lucien pia alionekana ana haki. Chantal alikuwa ameweka faili lake juu ya kifuniko ili atafute ukurasa fulani. Ghafla alitambua lilipokuwa, akaliondoa haraka, akasema "pardon," na haikujulikana anamwomba nani radhi.

Marcellin alisogea karibu na Lucien, akaingiza mkono mfukoni, akanong'ona, "Chef, tusaidiane. Ata kidogo ya chai."

Lucien alirudi nyuma kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Akaonyesha kile kisanduku. "Papa, unataka nifukuzwe? Hapa hatukule tena. Sasa tunafuata sheria."

Zamani, Marcellin aliwaza, angejua afanye nini. Mtu alitaja bei yake, ukalia, akapunguza. Sasa mbele yake kulikuwa na mtu asiyetaka kitu, na hapakuwa na pa kumshika.

"Suluhisho iko moja," Lucien alisema. "Certificat ya origine, ofisi ya mujini. Wakiandika kama hii ni kazi ya fundi wa hapa, na mbao si ya Parc, ninasaini mara moja. Sina kinyongo na marehemu."

Chantal alikuwa tayari na simu sikioni. Aliongea, akasikiliza, akaongea tena kwa sauti ya chini. Alipoishusha simu hakumtazama Marcellin usoni.

"Mwenye kusaini hayuko. Iko Bujumbura mpaka Ijumaa."

"Anafanya nini kule?" aliuliza Maombi.

"Iko mu semina."

"Semina ya nini?"

Chantal alikunja karatasi yake mara mbili. "Ya biashara na haki za binadamu."

Safari hii Maombi hakucheka.

*

Wakati huo jua lilikuwa juu kabisa na kivuli cha sanduku kilikuwa kimeingia chini yake. Simu ililia.

"Shemeji," alisema Jean-de-Dieu. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakiimba. "Umefika wapi?"

"Niko ku mupaka. Ninakuona karibu."

"Saa sita imepita."

"Ninajua."

"Niko mbele ya duka. Niseme nini?"

Marcellin alitazama mto. Ng'ambo mlima wa Kamembe ulionekana wazi, mabati yake yakimeta, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuita na kujibiwa.

"Nunua," alisema.

Alikaa chini kando ya sanduku. Maombi alikuja akakaa naye. Kwa muda walitazama wanawake wakipita kizuizini, mmoja na ndoo, mmoja na kuku, mmoja na fungu la mbao za kuezekea kichwani. Hakuna aliyewauliza kitu.

"Papa Xavier anapitaka hapa na camion yake nzima," Maombi alisema. "Imefunikwa na bâche, turubai. Karatasi zake zinatangulia na moto, yeye anapita na mukono nje ya dirisha. Yeye haulizwake origine." Alitema mate pembeni. "Papa, tuifungue. Niite bamama benzangu, kila mumoja anabeba ubao moja. Ubao moja si marchandise. Kule ng'ambo unapiga misumari, unamupa dada yako."

Marcellin alipitisha mkono kwenye pembe ya sanduku. Hakuwa ametumia misumari. Pembe zote alizishonanisha meno kwa meno na kuzitia gundi, kwa sababu lilikuwa la Constance. Kulifungua ilikuwa ni kulivunja.

"Haifunguke. Niliiunga sana."

"Hakuna ata kimoja kinatoka?"

Alifikiri. "Kifuniko tu. Kifuniko iko na vis."

Marcellin alitoa bisibisi mfukoni, akavifungua visi, zile skrubu za kifuniko, akavifunga ndani ya leso. Maombi aligeuza mgongo, akaweka kamba kwenye alama ya paji lake, na kifuniko kikalala mgongoni mwake kama mlango unaotembea. Walipita mbele ya dirisha. Laurette alitoa kichwa.

"Na hii?"

"Ubao," alisema Maombi bila kusimama.

Laurette alitazama tundu la ufunguo. Alimtazama Marcellin. Halafu akavuta kichwa ndani.

"Ubao moja hatuandikake. Mupite."

*

Kamembe walifika na gari la kukodi, kifuniko kimetoka nusu nje ya buti. Nyumbani kwa Jean-de-Dieu viti vilikuwa vimeshapangwa upya kwa kwenda kanisani. Sanduku lilikuwa sebuleni, jeusi, linang'aa, na Constance alikuwa ndani yake na kitenge cha bluu hadi kifuani. Kifuniko chake kipya kilisimama ukutani. Marcellin hakumtazama usoni mara moja. Alianza na miguu, akapanda polepole, na alipofika usoni alikuta ni yeye.

Jean-de-Dieu alimkumbatia. "Nisamehe, shemeji. Ningefanya nini. Lakini ni nzuri. Muuzaji amesema ni ya Kigali. Iko na karatasi zote."

"Ni nzuri," alisema Marcellin. "Nimeleta kifuniko. Ya kabati yake. Nilitaka afunikwe na kile."

Watu walitazamana. Mzee mmoja wa familia alisema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba kila sanduku lina kifuniko chake, na kwamba padri anangoja, na kwamba si vizuri kumsumbua marehemu kwa majaribio. Jean-de-Dieu mwenyewe alisita.

"Hakitaingia, shemeji. Hii ilitoka kiwandani."

"Niache nijaribu. Mara moja. Kikikataa ninakirudisha."

Alikwenda upande wa kichwani na kupiga magoti, kama alivyozoea, kutafuta alama kabla ya kukumbuka kwamba sanduku la watu wengine halina alama yake. Kidole kiliigusa chini ya ukingo, ndani ya vanishi nyeusi. Mikato mitatu midogo na mmoja wa kukingama.

Hakuinuka. Watu walidhani analia, wakampa nafasi.

Alipitisha kidole mara ya pili. Alijaribu kukumbuka lilikuwa lipi, la mwezi gani, siku gani aliyokuwa na haraka au njaa au wimbo kichwani, alipokuwa akilitengeneza bila kujua. Hakuweza. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa sawa. Hakujua kama ashukuru. Hakujua kama dada yake amelazwa katika kazi ya mikono yake au katika bidhaa ya Papa Xavier. Maneno yalimjia hadi mdomoni, akamwona Jean-de-Dieu amesimama na risiti mkononi, mtu aliyelipa kwa kitu cha Kigali, akayameza.

"Nisaidieni," alisema tu.

Maombi alishika upande wa miguu. Kifuniko chekundu kiliteremka juu ya sanduku jeusi na kukaa, pembe kwa pembe, bila kupigwa, bila kusukumwa. Mzee yule alisema "eh!"

Jean-de-Dieu aliinama juu ya tundu la ufunguo na lile kovu la patasi. Aliliangalia muda mrefu.

"Ufunguo iko mu shingo yake," alisema. "Nimeuacha pale."

Marcellin alifungua leso, akatoa visi, akafunga.

*

Baada ya mazishi ilibidi warudi kabla mpaka haujafungwa. Maombi alibeba kifuniko kile cheusi. Jean-de-Dieu hakutaka kibaki nyumbani kwake, alisema watoto wataogopa. Walivuka daraja. Maji ya Ruzizi yalipita chini yao, kahawia, hayana upande.

Sanduku jekundu lilikuwa pale pale walipoliacha, kando ya kibanda. Kibanda chenyewe kilikuwa kimefungwa. Mtu alikuwa ametupa ganda la ndizi ndani, juu ya kitambaa cha Lucie. Marcellin alilitoa, akapangusa, akamwonyesha Maombi ashushe mzigo. Kifuniko cheusi kilikaa juu ya sanduku jekundu kama kilichozaliwa nalo.

"Ee, papa," Maombi alisema chini ya pumzi. Alianza kuelewa. "Ee."

"Papa!" Laurette aliita kutoka dirishani. Alikuwa amevaa koti tayari, kalamu bado mkononi. "Ile kifuniko nyeusi haikutoka na weye mchana. Imeingia kutoka kule. Kitu inaingia, lazima niiandike. Si miye, papa, ni camera." Alionyesha juu ya kizuizi. "Ni dakika moja. Kifuniko ya mbao, moja. Jina ninayo."

Akaandika. Halafu kalamu ikasimama mahali pale pale iliposimama asubuhi.

"Origine?"

Marcellin alisogea hadi dirishani. Alikuwa na vumbi la makaburi kwenye magoti, na sauti yake haikuwa na hasira wala mzaha. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, ili safari hii asikosee.

"Ya mbao, dada, ao ya mutu?"

Kalamu ya Laurette ilibaki juu ya mstari, na nyuma yao askari alianza kuvuta kamba ya kufunga kizuizi.